Jasho la Kuta

Kitu cha kwanza kupigwa chini kilikuwa kochi. Fundi alilitazama wakati wa chakula cha jioni, kwa jicho lile la mwenye nyumba anayemtazama mgeni aliyepitiliza, akasema, "Na hili, linatufanyia nini hasa?"

Mkewe, Mama Chiriku, alicheka. Alidhani ni utani, maana mumewe hakuwa mtu wa kuchukia vitu, alikuwa mtu wa kuvitengeneza. Wiki haikwisha, kochi likapata mnunuzi na familia nzima ikahamia kwenye mkeka. Likafuata kabati la vyombo. Ikafuata televisheni, ambayo binti yao aliililia mpaka akashikwa na kwikwi. Halafu, siku ambayo wifi yake Mama Chiriku aliihadithia saluni kwake mpaka wateja wakaichoka, likauzwa friji.

"Fundi friji hana friji!" wifi alisimama mlangoni akipiga makofi. "Haya, kaka, kesho utaniambia mimi msusi ninyoe kipara."

"Cheka tu, dada. Siku tukikutumia picha kutoka ng'ambo ya milima, tutajua nani wa kuchekwa."

Fundi kazi yake ilikuwa vyumba vya baridi, vile vikubwa vya kuhifadhia nyama na samaki, na katika kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Miaka yote kampuni ilimpakia kwenye pikapu, ikampeleka mji huu na ule, akaingia kwenye chumba cha baridi kilichoharibika, akatoka kimepona, akarudishwa. Alikuwa amefika miji mingi kuliko watalii, lakini alichokiona huko ni matumbo ya mitambo. Siku moja akiwa njiani kurudi aliliona ziwa. Alimwomba dereva asimame kidogo tu, anawe uso. Dereva akamwambia mafuta ni ya kampuni. Neno hilo lilimkaa kooni.

Basi akapiga hesabu zake kichwani na kugundua kwamba hawakuwa maskini. Walikuwa wamefungwa. Kodi ndiyo kamba, umeme ndiyo kamba, na vitu vyote vya ndani ni kamba zilizotandikwa vitambaa. Wakizikata, wangeweza kuondoka. Angetengeneza mitambo njiani, mji kwa mji, wakae watakapo na waondoke watakapo. Mtoto angefundishwa na mama yake, na ziwa wangelitazama mpaka walichoke wenyewe.

Watu walikuja kusema baadaye kwamba Mama Chiriku aliburuzwa. Waache waseme, watu hawakosi la kusema. Hakuburuzwa. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa, na kutwa nzima alinyoosha mashuka ya watu waliotoka mbali na kesho yake wanakwenda mbali zaidi. Hakuwahi kulala kwenye shuka hata moja kati ya hayo. Mumewe alipoanza kukata kamba, yeye alishika mkasi wa pili, tena alikata kwa furaha. Aliuza mapazia kabla hajaambiwa.

Kisha likaja lori.

Lilikuwa lori dogo la kusambazia nyama, ambalo kampuni ililitelekeza nyuma ya karakana. Mtambo wake wa baridi ulishakufa, ila injini ilikuwa nzima, na kontena lake la nyuma halikuwa na kovu. Fundi alilipata kwa bei ya chuma chakavu. Kuta zake zilikuwa nene, bati kwa nje, plastiki nyeupe kwa ndani, na katikati povu gumu la kuzuia joto. Milango mikubwa ya nyuma aliiziba kabisa, akakata nafasi ubavuni akapachika mlango mdogo wa chumba cha baridi, ule wenye mpira pembeni unaobana mpaka unaguna, na kwa ndani akaweka komeo la chuma. Vitundu vya sakafuni vya kutolea maji alivitia gundi kwa sababu ya mende. Darini, kwa kuwa mkewe aliomba, aliacha tundu moja la kutolea mvuke wa jikoni.

"Umeiona nyumba?" alimwambia mkewe siku ya kwanza, akipigapiga ukuta kwa kiganja. "Joto haliingii, vumbi haliingii, umbeya wa majirani hauingii."

Kodi wakaiaga. Mzee mmoja mwenye kiwanda cha kupasua mbao, watu wakimwita Mzee wa Mbao, aliwapa kona uani kwake bure, maana alipenda pawe na watu wanaolala pale. Sharti lake lilikuwa moja: moto usiwashwe nje, hata kiberiti. Unga wa mbao ulitanda kila mahali, na cheche moja ingemfanya awe ombaomba. Kwa hiyo walipika ndani, kwenye jiko dogo la gesi, na kwa kuwa misumeno ilirusha vumbi kutwa, walipika mlango ukiwa umefungwa.

Mwanzoni palikuwa patamu. Sitaki kudanganya, palikuwa patamu sana. Kitanda kilikunjwa asubuhi kikawa benchi, meza ilishuka kutoka ukutani, na kila kijiko kilikuwa na msumari wake. Mtoto, ambaye alipewa jina la Chiriku kwa sababu tangu alipoanza kusema hakuwahi kufunga mdomo, alizungumza na kila kitu humo ndani. Aliliuliza jiko limeamkaje. Alizisimulia sufuria habari za shule. Alipotoka nje akasahau kufunga, baba yake alipaza sauti, "Mlango! Baridi inatoka!" kisha akakumbuka kwamba hakuna baridi ya kutoka, na wote watatu wakacheka mpaka machozi. Ilikuwa mazoea ya kazi tu. Kwa mtu wa vyumba vya baridi, mlango ulio wazi ni hasara inayotembea.

Kisha mvua zikaanza, na kuta zikaanza kutoa jasho.

Mama Chiriku ndiye aliyeliona kwanza. Aliamka asubuhi akaweka mkono ukutani ili ajiinue, mkono ukateleza. Maji yalikuwa yametona juu ya plastiki nyeupe, tone kwa tone, na mengine yalishaanza kutiririka hadi kwenye godoro. Alimwamsha mumewe. Fundi aliyatazama yale maji na uso wake ukabadilika, kwa sababu katika kazi yake maji ya namna ile yana maana moja tu: mahali fulani pamepasuka, na hewa ya nje inaingia.

"Haiwezekani," alisema. "Nimeukagua ukuta wote, inchi kwa inchi."

"Si mvua tu hiyo, Baba Chiriku?"

"Mvua haipiti hapa. Ni hewa. Hewa ya nje ina unyevu, ikipata ufa inaingia, ikigusa ukuta inageuka maji. Kazi hii nimeianza kabla sijakuoa."

Akachukua tochi na bomba lake la silikoni, akapita pembe zote akitia gundi. Asubuhi iliyofuata kuta zilikuwa na maji zaidi. Akatia tena, kwenye maungio ya sakafu, kwenye skrubu, kwenye tundu la waya wa taa. Maji yakaongezeka. Alishikwa na hasira ya mtu anayedharauliwa na kazi yake mwenyewe, na jioni akirudi hakula kabla hajatafuta ufa.

Hapo ndipo ujuzi wake ulipomsaliti. Kwa chumba cha nyama alikuwa sahihi kabisa. Lakini nyama haipumui. Yale maji hayakutoka nje, yalitoka vifuani mwao na kwenye sufuria zao, na kila ufa aliouziba ulikuwa mlango ambao yale maji yangetokea.

Mama Chiriku hakuyajua hayo. Alichokijua ni kwamba kila siku aliamka kichwa kikimgonga, na kikiisha kumgonga kilimwachia uzito mpaka alipofika kazini. Alijua kwamba moto wa gesi, uliokuwa wa bluu, sasa ulikuwa wa manjano na mvivu, na matako ya sufuria yakawa meusi kwa masizi. Alimlaumu muuza gesi. Mumewe naye alimlaumu muuza gesi, tena alikwenda kumfokea.

Na alijua kwamba Chiriku alikuwa amenyamaza.

Haikuwa ghafla. Kwanza aliacha kuzisimulia sufuria. Kisha akawa anarudi shuleni, anaingia, anajilaza kwenye benchi na kutazama dari. Mwalimu wake alisema asubuhi anasinzia darasani, ikifika saa ya mapumziko anachangamka. Jioni moja, huku mvua ikipiga bati juu, Fundi alimtazama binti yake aliyelala mapema, akasema kwa sauti ya chini, "Unaona? Maisha yakipungua vurugu, hata mtoto anatulia." Na Mama Chiriku, Mungu amsamehe, aliitikia. Alifurahi hata. Alikuwa amechoka, kichwa kilimuuma, na kimya kilimfaa.

Wifi alikuja Jumapili moja na begi la nguo za mtoto. Hakuingia moja kwa moja. Alikaa kizingitini, nusu ndani nusu nje, mgongo wake ukizuia mlango.

"Mlango, dada!" Fundi alisema.

"Mlango nini? Kuna nyama humu?" Wifi alipunga mkono mbele ya pua. "Pazito humu ndani. Mnalalaje? Chiriku, njoo umpe shangazi habari. Nani kapigana shuleni?"

Chiriku aliinua kichwa. "Nimechoka, shangazi."

"Umechoka nini?"

"Kusema."

Wifi aliacha utani hapo hapo. Alimtazama mtoto, akamtazama kaka yake, mwisho akamtazama Mama Chiriku kwa muda mrefu mpaka Mama Chiriku akainamisha macho.

"Huyu mtoto mmemfanya nini?"

"Amekua," Fundi alijibu. "Kwani lazima apige kelele ndiyo ujue mzima?"

"Huyu hajakua, huyu anaumwa. Kaka, umeuza kochi nikacheka, umeuza friji nikacheka. Sasa sicheki. Nendeni mkazunguke dunia, lakini mtoto mpelekeni hospitali kwanza."

"Sema una wivu, dada. Sema tu. Wewe utakufa umeshika kichana, na inakuuma."

Lilikuwa neno baya, na alijua ni baya. Wifi aliinuka, akafuta unga wa mbao kwenye gauni, akaondoka bila kuaga. Mama Chiriku alitaka kumkimbilia. Miguu ilikuwa mizito, na mumewe alishafunga mlango.

Hata hivyo maneno ya wifi hayakumtoka. Asubuhi yake alimshika mtoto mkono wakaenda zahanati kwa miguu, njia ndefu ya kupita sokoni. Walipofika kwenye maduka ya viatu Chiriku aliuliza kwa nini viatu vinatundikwa kimoja kimoja. Walipofika kwenye daraja aliuliza kama samaki hulala. Mpaka geti la zahanati linaonekana, alikuwa anaimba, anaruka madimbwi, na amesimulia ndoto mbili, moja ya uongo. Mama Chiriku alisimama nje ya geti. Aliona foleni ya kinamama wenye watoto waliolegea mabegani, akamtazama wa kwake anayeruka kwa mguu mmoja. Akawaza watakavyomwuliza mgonjwa yuko wapi. Akawaza gharama ya kumwona daktari, na jinsi ambavyo kwa miezi mingi hawakutoa senti pasipo na sababu.

Akageuza. Walirudi wakiimba wote wawili, na moyo wake ulikuwa mwepesi kabisa. Kosa hilo ndilo alilolilia kuliko mengine yote, kwa sababu dawa ya mtoto ilikuwa imemzunguka njia nzima, anaivuta puani bure, na yeye akaiona ikifanya kazi kwa macho yake akadhani ni uzima.

Safari ilikuwa wiki ijayo. Lori lilishajazwa mafuta, shule iliagwa, na Fundi aliacha kazi kwa barua ya mistari miwili aliyoisoma kwa sauti mara nyingi kuliko ilivyostahili. Kilichobaki kumsumbua kilikuwa yale maji. Asingeanza safari na kuta zinazovuja, ingekuwa aibu kwa jina lake. Ijumaa alipanda juu ya kontena, akainama karibu na tundu la dari, akashuka amefurahi.

"Nimempata mwizi," alisema. "Ni hapa juu. Hewa yote inaingilia hapa."

"Na mvuke wa sufuria utatokea wapi?"

"Tukipika tutafungua mlango."

Wote wawili walijua hawatafungua. Jua likiwaka, kuna vumbi; mvua ikinyesha, maji yanaingia hadi kitandani. Kitu fulani ndani ya Mama Chiriku kilimkataza, hofu isiyo na jina. Alifungua mdomo. Lakini mumewe alikuwa amesimama na bomba la silikoni mkononi, uso unang'aa kwa furaha ambayo hakuiona tangu walipooana, na zilikuwa zimebaki siku chache tu. Atasema nini? Kwamba anaogopa kwa sababu mtoto amekuwa mpole? Alimeza maneno yake, akamshikia ngazi apande kuliziba.

Jumamosi alikwenda kazini, maana bado alikuwa anamalizia siku zake. Mvua ilikuwa imeshika tangu alfajiri, misumeno ya mbao imezimwa, vijana wa Mzee wa Mbao wamejikunyata bandani wakicheza bao. Chiriku alikuwa bado amelala. Fundi alikuwa anachambua maharage.

"Leo nyumbani napika mimi," alisema. "Ukirudi utakuta chakula cha wasafiri."

Akitoka, Mama Chiriku alisikia komeo likiingia nyuma yake, na mpira wa mlango ukiguna.

Kwenye chumba cha kufulia, feni kubwa ya ukutani ilikuwa imekufa. Madirisha yalifungwa kwa ajili ya mvua. Pasi za mvuke zilipiga kazi tangu asubuhi, mashine zikachemka, na wao wanawake wanane wakapumua humo humo. Karibu na adhuhuri mwenzake wa meza ya jirani aliweka pasi chini akashika paji la uso.

"Kichwa changu, jamani. Kinapasuka."

Akakaa sakafuni. Msimamizi aliitwa, akaja akihema, akasimama mlangoni amekunja uso.

"Mbona mmejifungia? Mnapumua nini humu?" Akapita akisukuma madirisha, moja baada ya jingine. "Tazameni kuta zinavyolia!"

Mama Chiriku alitazama. Ukuta wa vigae mbele yake ulikuwa umelowa, tone kwa tone, na mengine yakitiririka. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta ule tangu asubuhi bila kuuona. Hapakuwa na ufa wowote. Hakuna kilichoingia kutoka nje. Maji yale yalikuwa yao wenyewe, yamekosa pa kwenda. Upepo wa dirishani ukapita, na mwenzake pale sakafuni akavuta pumzi ndefu akasema ah, afadhali.

Kila kitu kilimjia kwa mkupuo: kichwa cha kila asubuhi, moto wa manjano, mtoto anayekufa ganzi ndani na kufufuka njiani, na mumewe juu ya ngazi jana, anaziba pua ya mwisho ya nyumba.

Alipiga simu. Simu ya Fundi haikupatikana. Humo ndani ilikuwa mara ipatikane mara isipatikane, kuta zile zilikula hata mawimbi, kwa hiyo hakujua aogope au ajipe moyo. Alipiga tena huku anatembea, akapiga tena huku anakimbia, na pasi aliiacha imesimama juu ya shuka la mtu. Nje alipanda pikipiki ya kwanza aliyoiona.

"Kimbia," alimwambia dereva.

"Mama, mvua hii, barabara inateleza."

"Mwanangu anakufa. Kimbia."

Alilisikia neno likitoka kinywani mwake, na ndipo alipoanza kulia.

Uani palikuwa kimya. Lori lilisimama kwenye kona yake, jeupe, limeoshwa na mvua, zuri. Mama Chiriku alipiga mlango kwa viganja viwili. Akaita jina la mumewe lile la ndani, ambalo haliitwi mbele za watu. Akaita Chiriku. Akabandika sikio ukutani, lakini ule ukuta haukuwa wa kupitisha sauti. Hakusikia chochote isipokuwa moyo wake.

Mzee wa Mbao alitoka bandani na vijana wake. "Kuna nini, mama?"

"Vunjeni! Wako ndani! Vunjeni!"

Hawakuuliza zaidi. Walileta mtaimbo wakauchomeka kwenye ukingo wa mlango. Mpira uliguna, mlango haukuachia. Wakaning'inia watatu kwenye chuma kile, kikapinda. Fundi hakuwahi kufanya kazi mbovu maishani mwake, na sasa hiyo kazi yake nzuri ilikuwa inapigana nao. Kijana mmoja alileta shoka akaanza na bawaba. Mama Chiriku alizunguka lori akipiga ubavu kwa ngumi, anaita, anarudi, anawaambia fanyeni haraka, kana kwamba kuna aliyekuwa anachelewa.

Bawaba ya chini ilikatika, kisha ya juu. Mlango ukaanguka nje na hewa ikawapiga usoni, ya moto, yenye unyevu, na harufu ya maharage yaliyoungua. Jiko lilikuwa bado linawaka ulimi mdogo wa manjano. Mzee wa Mbao alilizima kwa kofia yake.

Walikuwa kwenye pembe ya mwisho, mbali na mlango, mahali ambapo kitanda kinakunjwa. Fundi alikuwa amepiga magoti, kifua chake kimemwegemea mtoto mgongoni, bega lake limembana ukutani asidondoke. Mkono mmoja ulikuwa umeshika bisibisi. Kucha zilikuwa na damu. Magamba ya plastiki na chembe za povu zilitapakaa magotini mwake, na ukutani palikuwa na shimo lililochimbwa kwa pupa, linazidi kuwa jembamba kuelekea nje, hadi mwisho wake ukawa kitundu tu, mwanga wa mvua unaingilia hapo. Mdomo wa Chiriku ulikuwa umebanwa kwenye kile kitundu. Mkono wa pili wa baba yake ulikuwa kisogoni kwake, umemshikilia.

Ilibidi vijana wamwondoe yeye kwanza ndipo mtoto atoke. Chiriku alikuwa analegea, macho yamefumba nusu, midomo myekundu kupita kawaida, lakini alipotolewa kwenye mvua alikohoa. Alikohoa tena akatapika. Mama yake alimkumbatia matopeni na kumwambia pumua, pumua mwanangu, huku akimtazama mumewe aliyelazwa juu ya mbao, na Mzee wa Mbao ameinama anamsikiliza kifuani, anasikiliza, anabadilisha sikio, anasikiliza tena. Kisha mzee alivua koti lake akamfunika.

Hospitali walisema mtoto atapona. Daktari alieleza kwamba jiko la gesi likiwaka pasipo na hewa safi hutoa hewa ya sumu, isiyoonekana wala kunuka, na kwamba huanza na miguu: mtu huamka akili inamwambia nenda mlangoni, mwili unakataa. Alisema marehemu lazima alianguka pale alipofika akachimba palipokuwa karibu.

Wifi alifika amelowa, nywele za mteja bado zimemganda vidoleni. Hakusema nilisema. Angesema, Mama Chiriku angeshukuru, angalau pangekuwa na mtu wa kugombana naye. Walikaa kwenye benchi la kando ya kitanda, wameshikana mikono bila kuangaliana. Wifi aliuliza, kwa sauti iliyokwaruza, "Sasa kama alikwisha toboa, kwa nini na yeye asipumue? Wapokezane tu, wifi. Yeye kidogo, mtoto kidogo."

Mama Chiriku alijaribu kumjibu. Aliinua vidole viwili kumwonyesha ukubwa wa tundu, akavishusha.

"Alikataa," ilisema sauti ndogo.

Waligeuka. Chiriku alikuwa amefumbua macho. Alikuwa anatazama dari ya wodi, na alizungumza polepole, anatafuta kila neno.

"Nilimwambia zamu yake. Akasema, bado. Akasema nisigeuze kichwa, hata yeye akinyamaza." Alivuta shuka hadi kidevuni. "Akanyamaza, mama. Mimi sikugeuka."